Uso si Sufuria

Somo alikuwa na mkono wa kushika kidevu cha mtu na mdomo wa kumtukana, na alivitumia vyote kwa pamoja. Ukishikwa kidevu huwezi kujibu. Hivyo ndivyo alivyoshinda mabishano mengi katika mtaa wetu hapa Malindi, na ndiyo sababu mimi, ambaye walimu wameshindwa kuninyamazisha, nilikuwa bubu kila nilipoingia kwake.

Alizaliwa wapi, babake nani, mumewe alikwenda wapi, waulizeni watu wazima. Wao ndio wanaopenda nasaba. Mimi nitasema ninayoyajua, na ninayoyajua karibu yote yanahusu uso. Uso wangu, naomba radhi.

Kazi yake ilikuwa kuwatengeneza maharusi. Mwanamke wa kazi hiyo pwani tunamwita somo. Ndiye anayekaa na bi harusi ndani, anayemsinga kwa singo, ule unga wa manukato wa kusugulia mwili, mpaka ngozi iwe laini, anayempaka liwa ya msandali usoni, na anayemfundisha mambo ambayo mimi nikiuliza naambiwa nenda kacheze. Mtaa mzima ukamwita Somo, mpaka imamu, mpaka muuza maji mwenye mkokoteni. Jina lake lenyewe sijalisikia hata siku moja.

Nami, mwanamume wa kidato cha tatu, mwenye ndevu za kuhesabika, nilikuwa mwanafunzi wake. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Inapoishia sijapaona.

Chunusi zangu hazikuwa zile za kistaarabu zinazobisha hodi moja moja. Zilikuja na ukoo, na mashemeji, na mizigo yao. Shuleni niliitwa Ramani. Aliyenipa jina hilo ni Kazungu, rafiki yangu kipenzi na adui yangu mkubwa. Alisema mlima wowote wa Kenya unaoutafuta utaupata kwenye shavu langu la kushoto. Nilicheka kuliko wote. Hiyo ndiyo mbinu: ukiwahi kujicheka mwenyewe, mwenzako akija anakuta sahani tupu.

Lakini kuna kitu Kazungu hakukijua. Nilichagua dawati la ukutani ili shavu baya litazamane na ukuta. Nikizungumza na mtu nilijishika shavu kama mwenye jino. Nilichokitaka duniani, kuliko hata kufaulu hisabati, kilikuwa kitu kidogo sana: nikae mbele ya mtu mchana kweupe, anitazame, nami nisigeuze shingo. Basi. Wengine wanataka magari.

Siku moja mama alinituma nimpelekee Somo sahani ya mahamri. Alifungua mlango, akaipokea sahani, akaiweka chini, akanishika kidevu.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Unauoshea nini uso huu?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia. Na dodoki."

"Dodoki la kusugulia mgongo?"

"Ndiyo."

"Na mchanga hukutia?"

Nikasema mchanga ulikuwa umekwisha. Akanibana kidevu mpaka nikaona nyota.

"Mwana wee, uso si sufuria. Ukiusugua haung'ari, unatoboka. Kesho alasiri uje. Pitia mlango wa jikoni, wewe chui."

Akaniachia, akachukua mahamri yake, akafunga mlango. Tangu siku hiyo nikawa Chui, kwa madoa.

Mlango wa jikoni ulikuwa na sababu yake. Uliingia moja kwa moja uani bila kupitia chumba cha bi harusi, na uani ndiko walikokaa wanawake: shangazi za bi harusi, wasichana wakichambua mawaridi na mrehani, na bibi mmoja asiyekuwa na kazi ila kutoa maoni. Bi harusi mwenyewe alifichwa chumbani, na hilo halikuwa na mzaha. Mwanamume haingii pale. Kwa hiyo kila nilipobisha, Somo alipaza sauti:

"Jifunikeni! Kuna mwanamume!"

Nikasikia leso zikivutwa, mabakuli yakigongana, mtu akikimbia.

"Mwanamume gani?" akauliza yule bibi.

"Yule wa chunusi."

"Aa! Huyo aingie tu."

Leso zikashushwa tena. Sijui kama mnanielewa. Kuna fedheha ya kufukuzwa, na kuna fedheha ya kukaribishwa namna ile.

Nilikalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, beseni mbele yangu, mgongo kwa wanawake, nikafundishwa kunawa uso kama mtoto wa chekechea. Kabla sijagusa maji akanizuia.

"Mikono hiyo imetoka kushika nini?"

"Mpira."

"Na mpira umetoka wapi?"

Nikaufikiria uwanja wetu, ambapo mbuzi wa majirani hulala na kufanya mengine. Nikaenda kunawa mikono.

Maji yawe ya kawaida, alisema, si yale ya moto ya kunyonyolea kuku. Sabuni iwe laini, isiyonukia hadi mtaa wa pili, na ifanywe povu viganjani kwanza. Povu ndilo liguse uso, kipande kibaki mahali pake. Vidole vizunguke polepole, kama unayemfuta mtoto aliyelala usitake aamke. Usuuze mpaka utelezi uishe. Usifute, bonyeza, tena kwa leso iliyozeeka, kwa maana leso mpya bado ina kiburi. Ngozi ikiwa na unyevu kidogo, paka mafuta mepesi, kiasi cha mbaazi moja, uso mzima. Nikauliza kuhusu mafuta ya nazi, ambayo kwetu tunayapaka kila kitu isipokuwa viatu.

"Nazi ni ya nywele na ya wali," akasema. "Kwa uso wako wewe, utakuwa unazifuga chunusi."

Asubuhi ukitoka, kofia yenye ukingo, upite upande wa kivuli. Nikamwambia wavulana wa shule yetu hawavai kofia za namna hiyo.

"Na madoa wanavaa?"

Jioni ukirudi, hivyo hivyo tena, kwa sababu huwezi kulala na vumbi la Malindi usoni ukategemea kuamka na uso wa malaika. Foronya ifuliwe. Kucha zisiguse kitu. Kisha akaendelea kusaga liwa yake juu ya jiwe, kwa marashi. Nilisubiri.

"Na siri?" nikauliza.

"Siri gani?"

"Ile unayowapa maharusi."

"Siri ni kwamba kesho ufanye tena. Inuka, mbuzi inatakiwa."

Wanawake wakacheka. Yule bibi akasema nina masikio mazuri angalau.

Watu wanaposimulia wazee wao huwafanya wawe na subira, sauti ya chini, na maneno ya hekima kila dakika. Somo hakuwa na subira hata ya chai. Aliinywa ikichemka akaungua ulimi, akaitukana chai. Wali wake ulikuwa mbichi katikati kwa sababu alifunua sufuria kila wakati kuona kama umeiva. Akisubiri bodaboda alianza kutembea, na bodaboda ikija ilibidi imfukuzie. Mtu huyu ndiye aliyeniambia mimi, kijana ninayehesabu sekunde za kengele ya chakula, kwamba ngozi inataka majuma na majuma kabla haijakubali kubadilika, na kwamba kila nikikimbilia kioo ninaitia wasiwasi. "Ngozi haina masikio," alisema. "Ukiipigia kelele haikusikii."

Tena aliniharamishia pilipili na vitu vya kukaanga, huku yeye akila bajia uani mbele yangu, chatine ikimtiririka hadi kiwiko. Nilipomkodolea macho alisema, "Mimi sina chunusi, baba." Baadaye sana nikaja kujua kwamba pilipili haikuwa na hatia yoyote. Aliamini tu. Aliamini pia kwamba nusu ya chunusi za wavulana hutoka kwenye kuwafikiria wasichana, na akitaka kunikomesha mbele ya watu alinigusa kipaji cha uso: "Hii mpya ya nani?"

Kuna siku nilimpelekea mfuko. Kazungu alikuwa amenionyesha kwenye simu video za watu wa ng'ambo wenye nyuso kama bilauri, wakijipaka kitu juu ya kitu juu ya kitu. Mimi nikakusanya nilivyoweza: ndimu za jikoni, dawa ya meno, na tyubu ya krimu niliyoikuta kwa binamu yangu, nusu imetumika, maandishi yamefutika. Nikamwambia nataka kuanza vyote usiku huo.

Alinusa krimu, akaifunika. Ndimu akazitia kwenye kachumbari.

"Ukipokea wageni watatu siku moja," akasema, "asubuhi ukakuta ndoo imeibwa, utamshika nani?"

"Wote."

"Hutamshika yeyote. Mgeni mmoja mmoja. Akikaa vizuri, ndipo umkaribishe mwingine. Na huyu wa tyubu," akainyanyua kwa ncha za vidole, "huyu ni mwizi. Namjua kwao."

Kuhusu huyo mwizi alikuwa mkali kuliko jambo lolote. Mwanamke akija na uso uliokwisha chubuliwa kwa mkorogo, alimrudisha mlangoni: "Nenda ukanitafutie uso wako. Ukiupata, njoo nao." Wengine walilia. Alipoteza kazi nyingi kwa neno hilo, na wapo waliokwenda mtaa wa pili, nao wanamsema vibaya mpaka leo.

Nilikuwepo siku aliyoletwa msichana wa Ngomeni. Nilikuwa juu ya mbuzi yangu, povu usoni, sioni kitu, lakini masikio yangu, kama ilivyokwishasemwa, ni mazuri. Mama wa msichana alizunguka sana kabla hajafika.

"Somo, tulikuwa tunaomba... umfanye awe mweupe kidogo. Watu wa bwana harusi ni weupe."

"Bwana harusi alimwona wapi mwanao?"

"Pale kwetu, ufukweni."

"Usiku?"

"Hapana, adhuhuri. Alikuja kununua samaki."

"Adhuhuri, jua la utosi. Basi hakudanganywa. Mimi namng'arisha, simbadilishi. Akitaka mwingine, akaoe mwingine."

Kisha nikasikia msichana mwenyewe akicheka, kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingo. Nikajisahau nikageuka kumtazama, povu likaniingia machoni, nikapiga mayowe. Somo akasema, "Na huyu ndiye mwanamume wetu."

Yeye mwenyewe alikuwa na mabaka. Mawili, juu ya mifupa ya mashavu, meusi yenye rangi ya zambarau, kama mtu aliyeegemea kuta zilizopakwa sasa hivi. Mtaani walisema hili na lile. Mimi, kwa mdomo wangu huu, siku moja nilimuuliza kama mabaka yake nayo ni ya kuwafikiria wavulana. Nilitarajia kidevu kibanwe. Hakuinuka.

"Nilitaka kuwa mweupe kuliko mke mwenzangu," akasema, bila kuacha kusaga. "Nikapata weupe wa msimu mmoja na weusi wa umri mzima. Yeye hakuwa na habari. Alikuwa na usingizi wake."

Nikatafuta mzaha wa kuzibia pale nisiupate. Nikaona haya mpaka nikajitolea kufagia ua, na mimi sifagii.

Sasa hili la manjano. Ningeliruka, lakini Kazungu atalisimulia, na yeye huongeza chumvi.

Baada ya majuma kadhaa ya kunawa na kubonyeza na kofia, uso ulianza kutulia, lakini polepole, kwa mwendo wa kobe mwenye mimba. Somo alikuwa ananipa liwa kidogo kwenye kikombe, nipake nyembamba, ikikauka niisuuze. Nami nilikuwa nimewaona maharusi wakitoka pale wanang'aa kama taa. Nikajiuliza wao wanapata nini ambacho mimi sipati. Jibu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho: wao hupakwa manjano. Mama alikuwa na manjano tele jikoni, ya kutilia mchuzi. Nikatia vijiko kadhaa kwenye liwa, nikakoroga, nikajipaka nene kama plasta. Nami kwa kuwa ni fundi, sikusuuza. Nililala nayo, Jumapili.

Jumatatu nikaamka rangi ya andazi. Nikaosha. Nikaosha tena. Nikasahau kila nilichofundishwa nikalirudia dodoki, na kila nilipozidi kusugua, ndivyo nilivyozidi kuiva. Mama akasema nitakosa shule kwa sababu nyingine, si kwa hii.

Kwingine pengine ungedhaniwa mgonjwa. Pwani kila mtoto anajua uso wa manjano ni wa nani. Nilisimama mstari wa nyuma wa gwaride, kofia nimeishusha hadi puani. Mwalimu wa zamu akaniamuru niivue. Nikaivua. Mwalimu, anayetoka bara, akashtuka kwa huruma ya kweli:

"Kijana, una ugonjwa wa manjano? Umepimwa?"

Hapo, kutoka mahali fulani katikati ya kidato cha tatu, Kazungu akapiga kigelegele. Kirefu, cha kike, kilichokamilika, chenye mtetemo mwishoni. Shule nzima ikapasuka. Wasichana wakaitikia kwa vigelegele vyao. Mpishi akatoka jikoni na mwiko kuuliza nani anaolewa.

Mimi ndiye mcheshi wa shule ile. Ningeweza kujitanda sweta kichwani, nikatembea hatua za bi harusi, nikawa mshindi. Nililijua la kufanya, na miguu haikukubali. Nilisimama tu, macho yakaanza kujaa, na nikaona Kazungu akiacha kucheka kabla ya wengine. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba aliona.

Kwa Somo sikubisha hodi. Alinitazama, akaketi chini, akacheka mpaka leso ikamdondoka begani.

"Umewekwa ndani lini, bibi? Na mahari wametoa?"

Kisha akaona kidevu changu kinatetemeka kabla hajakishika. Akakusanya leso yake. Akamwambia yule bibi wa maoni aende akaangalie maji kama yamechemka, na hapakuwa na maji motoni. Akachukua pamba, akaichovya mafuta.

"Manjano hayatoki kwa maji, hutoka kwa mafuta. Leo tu, tena tutayaosha. Funga macho." Alifuta taratibu, pamba baada ya pamba. "Nani aliyepiga kigelegele?"

"Kazungu."

"Kilikuwa kizuri?"

"Sana."

"Nitamwita harusi ya Ijumaa."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakatoka, jambo ambalo naomba lisitoke hapa. Rangi ilibaki siku kadhaa, ikififia kama rangi ya sikukuu. Jina la Bi Harusi halijafifia.

Na mtu huyu aliyenifuta vile, juma lililofuata alinifukuza. Zilikuwa zimenitoka nyingine chini ya taya, za ndani, ngumu, zenye maumivu hata nikitafuna. Alizigusa kwa mgongo wa kidole, akauondoa mkono.

"Hizi si zangu. Mimi ni wa harusi, si wa maradhi. Nenda hospitali, umwone wa ngozi."

Nikasema nitaona haya kumwonyesha daktari.

"Umeonyesha ua mzima wa wanawake, leo waona haya kwa mtu mmoja mwenye koti?"

Daktari alikuwa dada mpole. Aliniandikia dawa ya kupaka usiku, kisha akaeleza: unawe asubuhi na jioni kwa upole, usisugue, usitumbue, mafuta mepesi, ujikinge na jua, kitu kipya kimoja kimoja, na uvumilie. Niliporudi kumsimulia, Somo alisikiliza kwa makini sana, akiitikia kwa kichwa.

"Ni msichana msikivu," akasema. "Ameyapata kwa nani?"

Macho ya Somo yalianza kufifia kwa utani. Alimpaka bi harusi mmoja liwa sikioni, wote wakacheka naye akacheka. Kisha akamimina marashi nje ya bakuli. Kisha akawa ananijua kwa hatua zangu tu. Ilikuwa presha ya macho, nayo ikichukua nuru hairudishi. Mwanawe wa kiume akaja na gari akamchukua, akakae naye Junju, kule chini karibu na Mtwapa. Uani kwa Somo sasa kuna mpangaji na banda la kuku.

Likizo hii mama alisema twende tukamtazame. Nyumba ya mwanawe ni ya matofali mapya, na ua mpana wa vumbi jekundu. Mjukuu wake mkubwa, rika langu, alikuwa na wenzake wakifungua pikipiki. Mama akapotelea jikoni na mkaza mwana wa Somo. Mimi nikaenda barazani alikowekwa, kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Chui wangu!"

Nikavuta kigoda nikaketi mbele yake. Jua la saa nne lilikuwa usoni mwangu lote. Akanielekezea macho yake, nami nikamtazama, tukazungumza habari za mtaa, fulani ameolewa, fulani ameachwa. Muda ukapita kabla sijagundua kwamba sijashika shavu wala sijageuza shingo. Nimeketi mbele ya mtu mchana kweupe. Nilifurahi. Kisha nikajua kwa nini nimefurahi, nikatamani ardhi ipasuke.

"Na uso?" akauliza.

"Umetakata, Somo. Hata Kazungu ananionea wivu."

Ukweli ni kwamba tangu aondoke niliacha. Mitihani ilikuja, nikawa nalala na vumbi langu, kofia nikaipoteza, na nikisoma vidole hupanda vyenyewe kutafuta cha kutumbua. Ukoo ulikuwa umerudi, safari hii na wajukuu.

"Lete."

Sikuweza kukataa. Vidole vyake vilipanda kutoka kidevuni, bila kubana, vikapita shavu la kushoto, vikasimama, vikaendelea.

"Hii umeitumbua jana."

"Juzi."

"Na hii?"

"Jana."

Hakutukana. Nilingoja matusi kama mtu anayengoja mvua, hayakuja. Akaondoa mkono akaufutia leso.

"Mwongo wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Haya. Umeshanidanganya, sasa nidai kweli. Wangu ukoje?"

"Uso wako?"

"Hapa nikiuliza naambiwa umependeza, nyanya. Asubuhi umependeza, jioni umependeza. Mtu hapendezi kila siku, hata bi harusi hapendezi kila siku. Wewe una mdomo mbaya. Niambie."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilikuwa nimeshughulika na wangu. Watu wa nyumba ile walimpaka mafuta ya mgando, mengi, kwa mapenzi, tena juu ya ya jana, na vumbi la ua likashika humo likawa utando. Pembeni mwa pua ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka. Kidevuni palikuwa na uji. Mizaha mitatu ilinijia ulimini, mizuri yote. Nikaimeza.

"Umepakwa mafuta mengi, Somo. Vumbi limeganda juu yake. Kope zimeshikana. Na kuna uji."

"Wa leo?"

"Nadhani wa jana pia."

Akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akiufunika, hata kwa mabaka yake yale. "Na watu wanakuja kunitazama," akasema ndani ya viganja. "Imamu alikuja."

Aibu yangu naijua, tumelala kitanda kimoja muda mrefu. Aibu ya mtu mzima sikujua inashikwa wapi. Nikaenda jikoni nikaomba beseni, maji ya kawaida, mafuta kidogo na pamba, sabuni ya mtoto na leso kuukuu. Mkaza mwana wake akauliza kama kuna tatizo, akaona nilivyovibeba, akainama akaendelea kumenya ndizi. Naye alikuwa amechoka.

Njia ya kurudi barazani inapita mbele ya pikipiki.

"Oyaa, dobi!" mmoja akaita.

"Anakwenda kumwosha nyanya," akasema mjukuu. "Wee, hiyo si kazi ya wasichana?"

"Labda ni msichana, mwangalie leso begani."

Wakacheka. Nilikuwa na majibu, nina majibu ya kila kitu, lakini mikono ilikuwa imejaa na masikio yanawaka moto. Nikapita.

Nilipiga magoti, nikaweka beseni sakafuni. Nikaanza kwa pamba na mafuta, polepole, utando ule ukalainika ukatoka wa kahawia. Alifumba macho. Nilipofika kwenye kope nilisita, akasema nisiogope. Nyuma yangu bado walikuwa wanacheka, mmoja akaigiza kigelegele, kibaya, si kama cha Kazungu.

"Wanamcheka nani?" Somo akauliza.

"Mimi, Somo."

"Mwite huyo mkubwa. Aje ashike beseni, wewe unainama sana."

Nikamwita. Wenzake wakaiacha pikipiki wakamtazama. Nyanya akimwita mtu, mtu hakatai, hata Junju. Akaja akijifuta grisi kwenye suruali, nikamwonyesha ndoo anawe mikono kwanza, akanawa. Akaliinua beseni akalishika mbali na mwili wake, mikono imekakamaa, shingo ameigeuzia upande wa lango, aone ni nani anamwona.

"Sogeza karibu," nikamwambia. "Maji yanammwagikia."

Akasogea.